Tusimhukumu Beret kabla ya kuvitazama vigingi

Ndugu Mhariri,

Kwa majuma kadhaa nimekuwa nikifuatilia katika ukurasa wako barua za wasomaji wenzangu kuhusu riwaya ya Giants in the Earth ya O. E. Rølvaag, na nimefurahi kuona kwamba kitabu kilichotoka kwa Kinorwe mwaka 1924 na 1925, kisha kwa Kiingereza mwaka 1927, bado kinaweza kuwagombanisha watu wa Dar es Salaam. Naomba nami nipewe nafasi, kwa kuwa mjadala umekaa mno juu ya jambo moja na kuliacha lile ambalo, kwa maoni yangu, ndilo linalobeba kitabu kizima.

Wengi walioandika wamemsifu Per Hansa, mvuvi wa Norwe aliyehamia mbuga za nyasi za Dakota, Marekani, mwaka 1873 akiwa na mke, watoto, gari la kukokotwa na ng'ombe na matumaini yasiyo na kipimo. Wanampenda kwa sababu hachoki: anajenga nyumba ya mabonge ya udongo, anaipaka chokaa ndani mpaka inang'aa, anatafuta riziki mahali ambapo majirani hawajafikiria kutazama. Mkewe Beret, kwa upande wake, wamemwita mwanamke dhaifu, mzigo, mgonjwa wa akili, na msomaji mmoja akasema kwamba alichohitaji ni maombi tu. Ni kweli kwamba Beret anaugua, tena vibaya sana. Anaziba madirisha kwa nguo jioni inapoingia, na siku nzige wanapovamia ngano, mumewe anamkuta amejificha pamoja na watoto ndani ya sanduku kubwa la ukoo walilokuja nalo kutoka kwao. Lakini katika barua zote nilizosoma sikuona hata moja iliyotaja vigingi.

Kwa wasioisoma riwaya, nieleze. Kwa sheria ya Marekani ya mwaka 1862, mtu aliweza kupewa ekari 160 za ardhi ya serikali, na zikawa zake kabisa baada ya kuishi na kulima hapo miaka mitano. Siku moja Per Hansa anagundua kwamba katika maeneo ya jirani zake Wanorwe, waliotangulia kufika, kuna vigingi vyenye majina ya watu wengine, Waairishi. Hamwambii mtu. Anaving'oa kimyakimya, anavipasua na kuvichoma moto. Mkewe anaona, anaelewa, na tangu hapo jambo hilo linamkaa moyoni kama mwiba. Waairishi wanapokuja kudai, inajulikana kwamba hawakuwa wamesajili maeneo yale, na wanaume wote wa kijiji wanamshangilia Per Hansa kwa ujanja wake. Beret peke yake ndiye anayesimama mbele ya watu na kusema kwamba huko walikotoka, kung'oa alama ya mpaka ya mtu mwingine kulihesabiwa kuwa dhambi ya aibu.

Mimi ni mtoto wa Marangu, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Nilipofika ukurasa ule nilikifunga kitabu, nikakaa kimya kwa muda. Kwetu mpaka wa kihamba, yaani shamba la ukoo, huoneshwa kwa masale, na sale si mmea wa kupandwa popote kama ua; ndilo jani ambalo mkosaji hulipeleka kwa aliyemkosea kuomba msamaha, na aliyepelekewa ni vigumu mno kukataa. Mmea huohuo unaotenganisha shamba langu na lako ndio unaotupatanisha tukigombana. Kwa hiyo anayeng'oa sale usiku ameiba hatua mbili za udongo, na papo hapo ameharibu kitu ambacho kingetumika kumsamehe.

Wazazi wangu walihama Marangu kwenda bonde la Kilombero nikiwa mdogo, kwa sababu kihamba cha babu kilikuwa kimekwisha kugawanywa hadi hakigawanyiki tena. Baba alikuwa Per Hansa mtupu. Aliona mpunga kabla ya kuona mbu. Mama alikaa mwaka wa kwanza akitafuta kwa macho mlima uliokuwa nyuma ya nyumba yao tangu azaliwe, akasema kwamba katika nchi tambarare hajui ageukie wapi anaposali. Watu walimwona ana kichaa cha kuhama. Beret naye anaiogopa mbuga kwa sababu haina hata mti wa kujificha nyuma yake, na nawasihi wasomaji walioona hofu hiyo ni upuuzi wawaulize mama zao waliohamishwa, kwa hiari au kwa amri, walilala vipi miezi ya mwanzo.

Ninachokiamini ni hiki: ugonjwa wa Beret na ukweli wa Beret ni vitu viwili, na sisi wasomaji tumetumia kimoja kukifuta kingine. Mwanamke yuleyule anayejificha ndani ya sanduku ndiye pekee kijijini anayekumbuka kwamba Kumbukumbu la Torati linamlaani aondoaye mpaka wa jirani yake. Wanaume wenye afya njema walikuwa wamesahau. Jibu lao kwamba Waairishi hawakuwa na hati halinitoshi, kwa sababu Per Hansa alipovichoma vile vigingi hakujua kama wana hati au hawana. Nimenunua kiwanja pembeni mwa jiji hili, nimekuta bikoni, alama ya mpaka, imeng'olewa na kutupwa mtaroni, na jirani aliyehusika, ambaye simtaji, aliniambia kwa utulivu kabisa kwamba kama nina haki nitaithibitisha ofisini. Nilikuja kuithibitisha. Hata hivyo sijasahau sauti yake.

Tukiufuata ukweli huo wa Beret hadi mwisho, unampita hata Rølvaag mwenyewe. Juu ya kilima karibu na nyumba ya Per Hansa kuna kaburi la Mhindi Mwekundu. Wenyeji hao, Wadakota wa tawi la Yankton, waliiachia serikali sehemu kubwa ya nchi ile kwa mkataba wa mwaka 1858, miaka 15 tu kabla ya gari la Per Hansa kufika, na riwaya inawapitisha kwa haraka: wanapiga kambi, Per Hansa anamtibu mmoja wao mkono, wanaondoka. Kaburi lile nalo ni alama ya mpaka, na hapo natamani mwandishi angekaa kurasa nyingi zaidi.

Najua hoja nzito kuliko zote dhidi ya Beret, nami siikwepi. Ni yeye aliyesisitiza kwamba Hans Olsa, jirani na rafiki wa mumewe aliyekuwa anakufa, aletewe mchungaji, na Per Hansa akatoka kwenye dhoruba ya theluji asirudi tena. Walimkuta majira ya machipuko ameketi kando ya rundo la nyasi, uso ukiwa umeelekea magharibi. Hapo Beret alikosea, na kosa lake lilikuwa kubwa. Lakini aliyedai mchungaji siku ile ndiye aliyedai vigingi virudishiwe heshima. Hatuwezi kumchukia kwa la mchungaji tukajifanya la vigingi halikuwapo.

Mwezi uliopita nilimsimulia mama hadithi hii. Sasa anaishi nami Tabata na macho yake hayasomi tena. Alisikiliza yote, nzige, sanduku na theluji, bila kusema neno. Mwishowe akauliza jambo moja tu: "Mwanangu, na wale waliochomewa vigingi vyao walikwenda wapi?"

Nililazimika kumtafutia jibu katika vitabu viwili vilivyofuata, Peder Victorious na Their Father's God, ambavyo ningefurahi wasomaji wako wakivijadili pia. Waairishi hawakwenda mbali. Walibaki kuwa majirani, na Peder, mtoto wa Per Hansa na Beret aliyezaliwa siku ya Krismasi katika nyumba ile ya udongo, alikuja kumwoa binti wa Kiairishi, Susie Doheny. Mama alitikisa kichwa taratibu, akaniuliza kama kuna mtu aliyewapelekea sale.

Wako msomaji,
Mwalimu mstaafu,
Tabata, Dar es Salaam