Wifi yangu, mwache ashike kijiko mwenyewe

Wifi yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Barua hii ningeweza kukutumia wewe peke yako, lakini nimeiweka hadharani kwa sababu kila mtaa una nyumba yenye mtu aliyepooza upande, na ndani yake yumo mke, binti au mkwe ambaye hakuna anayemuuliza ameamkaje. Jina lako sitalitaja, wala la mdogo wangu.

Pokea kwanza shukrani zangu. Tangu kiharusi kilipomwangusha mumeo, wewe ndiye unayemwogesha, unayemgeuza usiku asipate vidonda vya kulalia, unayemvalisha, unayemlisha na unayemsemea mbele ya wageni. Mgongo wake hauna hata mchubuko. Mwenyezi Mungu akulipe. Sasa nina ombi, na usilichukue kuwa lawama: punguza. Mpunguzie yeye msaada, ujipunguzie na wewe mzigo.

Daktari alikwambia mshipa uliziba upande wa kushoto wa ubongo. Upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndio wenye lugha. Ndiyo maana mkono ulilala na maneno yakakwama siku ileile. Sehemu iliyokufa haifufuki. Lakini sehemu nyingine za ubongo huweza kujifunza kazi yake, na hujifunza kwa kurudiarudia. Miezi ya mwanzo ndiyo yenye kasi, ingawa hata baada ya hapo anayeendelea na mazoezi huendelea kupata nafuu. Kwa hiyo kila unapomchukulia kijiko ili ale upesi, zamu moja ya kujifunza imempita. Uji utamwagika, najua, na anayefua ni wewe. Mtandikie kanga kuukuu. Mpini wa kijiko uuzungushie kitambaa uwe mnene, ashike vizuri.

Na kinachomzuia kula si udhaifu peke yake, ni aibu. Mtu amelelewa kwetu, amefundishwa tangu utotoni kwamba mkono wa kulia ndio wa chakula na wa kushoto una kazi zake, leo anyooshe kushoto kwenye sinia mbele ya watu? Ndiyo maana wageni wakija anatikisa kichwa na kugeukia ukutani, nanyi mnadhani hana njaa. Mwombeni imamu aje amwambie kwa kinywa chake kwamba mwenye udhuru hana dhambi kula kwa kushoto, kama ambavyo mgonjwa huswali amekaa, na akishindwa huswali amelala ubavu. Likitoka kwa imamu atalisikia kuliko likitoka kwako au kwangu. Kisha mpakulieni sahani yake, akae wima kwenye kiti, palepale penye watu. Mkono wa kulia nao usifichwe chini ya shuka. Uwekwe kando ya sahani uizuie isiteleze, hata kama ni kwa uzito wake tu.

Kukaa wima sikusemi kwa adabu. Koo lake nalo limeguswa. Akila amelala, chakula kinaweza kuingia njia ya hewa kikamletea nimonia, na nimonia imewaondoa wengi waliokwisha kunusurika na kiharusi chenyewe. Matonge madogo, bila haraka. Ukisikia anakohoa kila akinywa maji, au sauti inakuwa kama ina majimaji, mwambie daktari mapema. Akimaliza kula, mwangalie ndani ya shavu la kulia, maana chakula hujificha hapo bila yeye kuhisi.

Kuhusu maneno: usimjibie. Anaelewa mengi kuliko watu wanavyodhani, na anaumia watu wanapomzungumzia kama hayupo. Muulize maswali ya ndiyo na hapana, moja baada ya moja, kisha unyamaze umngoje. Kungoja huko ni kugumu, lakini ndiko kunakomfanya alitafute neno. Nasikia wapo wanaonong'ona kwamba anajifanya, kwa sababu Fatiha anaisoma yote na kuomba maji hawezi. Hajifanyi. Maneno yaliyokaririwa tangu chuo cha Kurani mara nyingi hubaki hata pale mazungumzo ya kawaida yanapopotea. Basi muitumie neema hiyo: someni naye, hesabuni naye, imbeni naye kaswida anazozipenda. Na akilia bila sababu, au akicheka msibani, msimkaripie; kiharusi huvuruga hata kizuizi cha machozi na kicheko. Lakini akikaa wiki nzima hataki chakula, hataki mazoezi, hataki watu, huo huenda ni ugonjwa wa sonona, unaompata takriban mmoja kati ya watu watatu waliopata kiharusi, na una tiba. Asiitwe mvivu.

Shangazi anasema ametupiwa kitu. Sitabishana na shangazi, na dua sizikatai, aombewe asubuhi na jioni. Ila vidonge vya presha visikatike hata siku moja. Mama yetu hukumkuta. Kiharusi cha kwanza alikishinda, akarudi kutembea mpaka sokoni. Akajiona mzima, vidonge akaviweka juu ya kabati. Cha pili ndicho kilichomchukua. Watafiti waliofuatilia kiharusi wilayani Hai na jijini Dar es Salaam kati ya 2003 na 2006 waligundua kwamba, ukilinganisha watu wa umri mmoja, Dar ilikuwa na kiharusi kingi kuliko sehemu nyingi za nchi tajiri zilizochunguzwa. Si ajabu basi kwamba kimewapiga watu wawili wa ukoo wetu. Wewe nawe kapime presha yako wiki hii, na hao watoto wakubwa pia.

Sasa mgongo wako. Usimnyanyue kwa kumvuta mkono uliopooza. Bega lake halina misuli ya kulishikilia, litateguka, na maumivu yake yatamfanya akatae mazoezi yote. Asogee kwanza ukingoni mwa kitanda, nyayo zikanyage chini, ainame mbele, ndipo umsaidie kiunoni huku magoti yako yamekunjwa. Kumvalisha, anza na mkono mgonjwa. Kumvua, malizia nao. Choo chenu ni cha kuchuchumaa, kwa hiyo nimeagiza fundi atengeneze kiti cha mbao chenye tundu katikati na vishikio pembeni. Na chupa ya maji ya moto ya kumkandia iondoe kabisa. Upande ule hausikii joto vizuri, ataungua usijue.

Karatasi ya hospitali iliandikwa "aendelee na mazoezi", basi, kana kwamba mazoezi kila mtu amezaliwa anayajua. Hilo limeniuma. Familia ilichangishana pesa nyingi alipolazwa, halafu alipotoka mchango ukakoma, wakati kazi yenyewe ndiyo kwanza inaanza. Nimeandika kwenye kundi la familia: mchango unarudi kila mwezi, kwa ajili ya nauli ya kumpeleka Tanga mjini kwa mtaalamu wa mazoezi, na wewe uingie naye chumbani uonyeshwe kila zoezi kwa mikono yako.

Shemeji zako wawili wanaokuja kila Ijumaa, wakanywa chai, wakakupa pole na kuondoka, nimezungumza nao. Kumwogesha kaka yao ni kazi yao siku hiyo na Jumanne. Mmoja atalala hapo Ijumaa usiku, wewe ulale chumba kingine, mlango umefungwa. Wakija usiwapikie. Wakikosea kumfunga vifungo, waache wakosee.

Mimi nitafika Alhamisi kwa basi la asubuhi, na nitakaa mpaka Maulidi yapite. Wewe utakwenda Pangani kwa mama yako. Usiniachie chakula kilichopikwa wala nguo zilizopigwa pasi. Niandikie tu saa za dawa zake, na uniambie uji anaupenda na ndimu au bila.

Wifi yako