Somo, sikuikataa biriani yako

Assalaam alaykum somo yangu,

Hujambo weye, na bi harusi wetu je, kashazoea nyumba ya watu? Sie huku Mwanakwerekwe wazima alhamdulillah, mvua tu inatuchosha. Siku kumi nataka kukuandikia, simu nimepiga mara mbili nikaishia kukuuliza habari za karafuu. Kuna mtu kanambia, simtaji kwa sababu hakukusudia ubaya, kwamba umevunjika moyo na mie, kwamba nimekuja harusini kwako Wete nimekaa toka asubuhi mpaka usiku na sikutia mkono kwenye sinia, nimekunywa madafu na ndizi mbili basi. Ni kweli somo. Na nilikuona ulivyoniangalia pale watu walipokuwa wanakula, nikajifanya natafuta kiatu cha mtoto, na hilo ndo linanikosesha usingizi kuliko njaa ya siku ile.

Basi leo nakwambia yote. Yale maradhi yangu ya tumbo yamepata jina, yanaitwa siliaki. Kuna kitu ndani ya ngano kinaitwa gluteni, ndo ile inayofanya unga ukiukanda uvutike, ipo kwenye ngano, kwenye shayiri na kwenye nafaka moja ya nchi za baridi inaitwa rai. Mie ikiniingia tumboni kinga yangu ya mwili inageuka inaushambulia utumbo wangu wenyewe. Ule utumbo mdogo ndani una kama vijinywele, ndo vinavyofyonza chakula, sasa vinalika mpaka unabaki kama kitambaa kilichochakaa, chakula kinapita tu mwili haupati kitu. Ndo maana damu yangu ilikuwa haipandi na vile vidonge vya madini ya chuma nilikuwa navimaliza kopo kwa kopo. Dawa yake hakuna, ni kuacha gluteni maisha yote, hata chembe.

Miaka sita somo. Nimetibiwa minyoo, nimetibiwa amiba, nimetibiwa vidonda vya tumbo, nimekunywa kombe, na weye ndo ulonishika mkono ile mimba ya pili iliponitoka. Daktari kanambia siliaki isipojulikana inaweza kuchangia mimba kutoka, hakusema kwamba yangu ndo sababu yake, lakini niliporudi nyumbani nilikaa kitandani nikazihesabu zote mbili upya.

Na nikwambie hili kwa sababu ya yule mtoto wa dada yako tumbo limemvimba na hakui. Mwanzo nilipimwa hospitali moja, ile damu ya kutafuta kingamwili, majibu yakaja sina kitu. Kumbe mie nilikuwa nishaacha mkate mwenyewe miezi mitatu kwa kuona unanijaza gesi, na hakuna aliyeniuliza nakula nini. Ukiacha ngano zile kingamwili zinashuka na kipimo kinakudanganya. Nikapoteza mwaka mzima kwa swali moja lisiloulizwa! Daktari wa Dar ndo aliyeniuliza mwanzo kabisa, unakula mkate? Akanirudisha kwenye ngano kila siku wiki sita, nilikuwa naumwa nalia usiku, alafu damu ikaonesha, kisha wakaingiza kamera mdomoni wakakata vipande vidogo vya utumbo wakaangalia. Kwaiyo yule mtoto msimwachishe mkate kabla ya kupimwa, tafadhali sana, apimwe huku anakula. Na hata mie dada yangu na wanangu wanatakiwa wapimwe, kwa sababu inakwenda kwa damu, ndugu wa karibu kama mmoja kati ya kumi anaweza kuwa nayo. Nilidhani ni maradhi ya wazungu, kumbe wapo Waarabu, wapo Wahindi wa kule kaskazini wanaokula ngano, na Wasahrawi wa Sahara Magharibi watoto wao wanaupata kuliko watu wengi duniani.

Sasa sikiliza kitu kilichoniliza. Nimesoma kisa cha Uholanzi wakati wa vita, ule msimu wa baridi wa 1944 kuingia 1945 watu walikuwa wanakufa njaa, mkate haupatikani, na kulikuwa na daktari wa watoto Willem Dicke ambaye tangu zamani anaishuku ngano. Basi wale watoto wenye maradhi haya katikati ya njaa ile wao wakapata nafuu, mkate uliporudi nao wakarudi kuumwa. Nilivyosoma hapo nikakukumbuka weye. Somo, si unajua kila nikija Pemba nilikuwa napona? Unakumbuka tulikuwa tunasema upepo wa Pemba umenikubali, mama yako Mungu amrehemu akawa anasema mtoto huyu kwao ni huku. Asubuhi tulikuwa tunakula muhogo na mchuzi wa papa, mchana wali wa nazi na samaki, jioni majimbi au shelisheli la kuchoma, boflo ilikuwa mpaka mtu atoke mjini. Ulikuwa unaniponya na hatujui. Nikirudi Unguja wiki mbili tu, chapati, maandazi, boflo, tumbo lilelile.

Kwaiyo usinambie nimekikataa chakula cha mkono wako.

Siku ya harusi nilikuja na nia ya kula biriani, wali ni mchele, nyama ni nyama, kuna nini. Nikapita uani kuwasalimia wapishi. Pale kwenye karai kubwa karibu na ndoo ya bluu walikuwa wanamalizia sambusa, zinatolewa, yale mabaki ya manda ya ngano yanaelea yamekuwa meusi, na yule mama mwenye kanga nyekundu akachukua beseni la vitunguu akamimina humohumo. Vitunguu vya biriani. Nikasimama naangalia vinavyobadilika rangi, harufu nzuri wallahi, na mate yakanijaa, nikajua nishakosa. Upawa wa kwenye mchuzi ulikuwa umelazwa juu ya kibao kilichopangwa manda. Ningesema nini? Mama wa bi harusi ana wageni uani mpaka barazani mie nianze habari za vijinywele vya utumbo? Nikanyamaza, na nilikosea kunyamaza, ilitakiwa nikuvute pembeni dakika moja tu nikwambie.

Watu wananambia si uondoe ile sambusa ule wali. Haiwi hivyo. Kwenye vyakula vinavyoandikwa havina gluteni kiwango cha kimataifa ni isizidi miligramu 20 kwa kilo moja ya chakula, sasa fikiria kilo nzima ya chakula na kiasi hicho hata hukioni kwa jicho, makombo ya boflo yaliyobaki kwenye kisu yanatosha kunirudisha nyuma. Boflo naiona, chapati naiona, hizo hazinisumbui tena. Ile iliyojificha ndo inayonimaliza. Urojo! Miaka yote nakunywa urojo kwa yule mama wa kona, nimekaa juzi namuangalia anatayarisha, kakoroga unga wa ngano kwenye maji, katia embe na manjano, ndo ule uzito wake. Bajia zake za dengu nikasema basi hizi, nazo kanambia anachanganyia ngano kidogo zishikane. Vitumbua ni mchele lakini wengine wanatia ngano, vileja pia hivyohivyo. Kababu zinashikwa na boflo iliyorowekwa. Mishkaki imelazwa kwenye sosi ya soya, na sosi ya soya nyingi zimetengenezwa kwa ngano. Uji wa lishe wa paketi mwingi una ngano, Malta ni kimea cha shayiri. Hata unga wa mchele nikipeleka mashineni waliotangulia kama wamesaga ngano na wangu unatoka nayo, siku hizi naroweka mchele nasaga mwenyewe nyumbani na blenda nimeificha, watoto wasiitie kitu chengine.

Lakini usinionee huruma kupita kiasi, damu imepanda, nywele zimeacha kukatika, na mkate wa kumimina nao mchele mtupu, nazi, hiliki, naula moto moto na chai ya maziwa kila Ijumaa. Urojo nautengeneza mwenyewe na unga wangu wa mchele, embe mbichi na ndimu nyingi, mbatata na bajia za dengu nilizochagua na kusaga mwenyewe. Ukija utaonja, hutojua tofauti.

Ninalokuomba ni hili. Inshaallah kumi la mwisho la Ramadhani nataka kuja kufuturu kwako siku nne tano. Uji wa shayiri mie siuwezi, nipikie wa mchele au wa mtama tu ukiwa na nafasi, ila mtama usioletwa tayari umesagwa, ulete mzima tutautwanga kinuni sie wawili kama zamani. Mafuta ya kukaangia samaki yawe mapya, yasiwe yaliyokaangiwa kaimati. Mwiko ntakuja na wangu na kikaango changu kidogo, usihisi vibaya ukiniona navitoa mkobani, ile miti na vyuma vilivyochubuka vinashika unga hata ukiosha. Halua ukinunua niulizie wamepikia wanga gani. Wanao waambie wenyewe kabla sijafika, sitaki mtu anilazimishe kaimati moja kwa mapenzi nikamkatalia mbele za watu, nishachoka kuonekana najivuna.

Na kama bado una kinyongo nijibu uniambie, nipige hata simu unigombeze, nitasikiliza.

Ntashuka Mkoani na boti ya asubuhi, gari ya Wete naijua. Majimbi yapike na tui zito kama ya mama, ukipata na ndizi za mkono wa tembo changanya. Boflo na sambusa za watoto ziwekwe mkeka wa pili huko, sinia hili liwe letu mie na weye, na safari hii ntatia mkono wa mwanzo mimi.

Nisalimie bi harusi na baba yake.

Somo yako