Wanaume nao hubisha hodi kwa maneno

Mhariri,

Karibu kila filamu ya Kiswahili ninayotazama, mke akitaka kuzungumza na mumewe huanza hivi: "Samahani, naomba nikuulize kitu." Mume akiwa na lake husema tu: "Kesho nasafiri." Waandishi wa miswada wanatuchora vibaya, sote wawili.

Nimelelewa Kibokoni, na mafundi wa kuzunguka kwa maneno niliowajua walikuwa wanaume. Mzee mmoja alikuja kwetu baada ya magharibi kukopa. Aliuliza hali za watoto, akasifu kahawa, akalalamikia upepo wa kusi, ndipo akasema: "Nna neno langu, sijui utalipokeaje." Wazee wa posa hukaa kitako wakanywa na kumaliza kabla binti hajatajwa. Na Muyaka bin Haji, malenga wetu wa Mvita, alivuma kwa mafumbo. Bibi yangu, kwa upande wake, aliita kutoka dirishani: "We, pesa yangu i wapi?" Akitaka kumsema mtu kwa mbali, alijifunga leso, na jina la leso, yaani msemo ulioandikwa juu yake, likamsemea.

Hata hivyo, sikatai kwamba ndani ya nyumba mambo huweza kugeuka. Mwaka 1978 mwanasosholojia Pamela Fishman wa Marekani alichapisha utafiti wa saa 52 za mazungumzo ya jozi tatu za wanandoa, yaliyorekodiwa majumbani mwao. Wake ndio waliotumia zaidi ufunguzi wa namna ya "wajua nini?" Fishman hakusema ni unyonge wa kike. Aliona waume wakiziacha mada za wake zao zife bila jibu, na swali humdai msikilizaji aitike. Harvey Sacks, mwanasosholojia aliyechunguza mazungumzo ya watu, alikwishaona hayo kwa watoto: mtoto akiuliza "wajua nini?", mkubwa husema "nini?", na hapo mtoto ameshapewa zamu ya kusema.

Kwa hivyo ile "samahani" ina sababu yake, na sababu hiyo ndiyo filamu zetu zinayoificha. Kamera humwonyesha mke peke yake, macho chini, kana kwamba amezaliwa hivyo. Igeuzeni kwa mume, tumwone macho yake yako kwenye simu, tumsikie akisema "mm" na kunyamaza. Kisha siku moja mtuonyeshe mume akisema "Mke wangu, wajua nini?" mara tatu, na mke anaendelea kukuna nazi yake.

Mtazamaji,
Mji wa Kale, Mombasa