Mhariri, nani aliyepima hiyo 9.8?

Ndugu Mhariri,

Mimi ni msomaji wenu wa siku nyingi na sina mazoea ya kuandika magazetini. Lakini ile picha mliyoipamba ukurasa wa mbele wiki iliyopita, mgeni rasmi akikata utepe wa maabara mpya ya Fizikia, imenitoa kwenye kiti. Nyuma yake, juu ya meza inayong'aa kwa vanishi, kuna kigari cha mbao, na pembeni ya kigari kuna tika-taima, kifaa cha kupima mwendo kwa kutia nukta kwenye tepu ya karatasi inayovutwa na kigari, iliyounganishwa na betri mbili za redio. Kifaa cha aina ile hakiendeshwi na betri. Kinataka mkondo geu, umeme ule unaokwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde, ndipo kichuma chake kiigonge tepu mara 50 kwa sekunde na kila nafasi kati ya nukta mbili iwe sehemu ya 50 ya sekunde. Bila hapo hakuna nukta, hakuna muda, hakuna mwendokasi wa kupima. Kiliwekwa pale kupigwa picha, kama yale maua ya plastiki ya meza kuu. Na mwandishi wenu hakuuliza hata swali moja.

Wazazi hatujasahau. Rais Kikwete alipoagiza kila sekondari ya kata iwe na maabara tatu, za Fizikia, Kemia na Baiolojia, tulichangishwa, na mwaka 2014 michango ilipopamba moto asiyekuwa na fedha alijua mgambo wakija watatoka na nini. Kuku na mbuzi wa watu walikwenda. Sawa, kuta zimesimama.

Sasa nikueleze kinachoendelea ndani ya kuta hizo. Mjukuu wangu yuko Kidato cha Pili, katika shule ambayo siitaji kwa sababu bado anasoma pale. Jioni moja namkuta anamalizia kazi ya pendulamu, yaani uzito unaobembea kwenye uzi. Jedwali limejaa: urefu wa uzi wa aina tano, muda hadi desimali mbili, na mwisho wa hesabu mchapuko wa mvutano wa dunia, yaani mita kwa sekunde ambazo kitu kinachoanguka huongeza kila sekunde, unatoka 9.80, haukupungua hata chembe. Nikamuuliza, mlipima lini? "Hatukupima, babu. Mwalimu aliandika ubaoni, tukanakili." Darasa zima! Daftari zote zina vipimo vilevile, kana kwamba watoto wote wale wana jicho moja na kidole kimoja. Nikatafuta uzi, nikatoa nati kubwa ya trekta kwenye debe langu la vyuma, tukapiga msumari juu ya fremu ya mlango. Akapima mita moja, akaivuta nati kidogo pembeni, akaiachia, akahesabu kwenda na kurudi mara 20 huku saa ya simu ya bibi yake ikikimbia. Kwa nini 20? Kwa sababu kidole cha binadamu huchelewa kama sehemu ya tano ya sekunde, na ukipima mara moja tu, uchelewaji huo unakula moja ya kumi ya kipimo chako. Ukipima 20, unagawanyika mpaka haudhuru. Ubao hausemi hayo. Tukapata sekunde 40.6. Akapiga hesabu, ikatoka 9.6. Akanuna, akashika ufutio. Nikamkataza. Akaitazama ile nati, akaigeuzageuza, kisha akaichukua rula mwenyewe: alikuwa amepima uzi mpaka kwenye fundo, wakati urefu wa pendulamu unaishia katikati ya uzito. Nati ina unene wa sentimita 4, kwa hiyo sentimita 2 zilikuwa zimeachwa nje. Weka mita 1.02 mahali pa 1.00, na ile 9.6 inapanda hadi karibu na 9.8. Mtoto aliruka, Mhariri. Aliita nyumba nzima ije ione nati. Akaandika vyote daftarini, kipimo cha kwanza, sababu ya kukosea, na marekebisho. Daftari likarudi lina mkwaju wa wino mwekundu toka kona hadi kona, sifuri, na pembeni maneno haya: nakili vipimo vya ubaoni. Waliobuni, au tuseme waliobuniwa, walipata alama zote. Aliyepima akapata sifuri! Halafu Baraza la Mitihani likileta mtihani wa vitendo Kidato cha Nne, tunashangaa mtoto anashika uzi kama ameshika nyoka, na afisa elimu anasimama mbele ya wazazi kusema watoto wa siku hizi ni wavivu.

Tena hiyo 9.8 yenyewe si amri iliyoshuka. Dunia imetuna kidogo hapa karibu na Ikweta na inazunguka, kwa hiyo kwetu mvutano ni kama 9.78, na huko kwenye ncha za dunia ni 9.83. Anayepima ndiye anayeweza kulijua hilo.

Nitaambiwa vifaa hakuna na mwalimu ni mmoja kwa madarasa yote. La mwalimu nalikubali. La vifaa silikubali hata kidogo. Galileo, yule mwanasayansi wa Italia ambaye kazi yake juu ya mwendo ilichapishwa 1638, hakuwa na saa ya sekunde. Aliviringisha mpira wa shaba kwenye mfereji uliochongwa juu ya ubao ulioinamishwa, maana kitu kinachoanguka wima kilimshinda kasi, na muda akaupima kwa kukinga maji yaliyochuruzika kutoka kwenye chombo na kuyaweka kwenye mizani. Sisi kila duka la vifaa vya ujenzi lina bomba la PVC. Lipasue kwa urefu, chukua mita 2, inua upande mmoja sentimita 10, achia gololi: itachukua zaidi ya sekunde 3 kufika chini. Weka alama ya chaki ilipofika kila sekunde, na mtoto ataona mwenyewe kwamba sekunde ya pili imekata umbali mara tatu ya ule wa kwanza, na ya tatu mara tano.

Na kwa kuwa tunazungumzia mwendo, mbona hamwandiki habari za tochi, kile kifaa cha askari wa barabarani cha kupima mwendo wa magari? Kibao cha mwisho wa mwendo, kilomita 50 kwa saa, kwenye kijiji chetu kiling'olewa kikaishia kwa wanunuzi wa chuma chakavu, lakini askari na tochi yake hawakosi nyuma ya kichaka. Dereva wa basi nililopanda juzi alikamatwa, akarudi kwenye usukani analalamika kwamba kati ya 50 na 100 barabara ikiwa tupu hakuna tofauti. Ipo. Ukiongeza mwendo mara mbili, umbali wa kufunga breki mpaka gari lisimame unakuwa mara nne. Naye alipita Kidato cha Pili, alinakili ubaoni.

Napendekeza hivi. Mgeni rasmi yeyote asipewe mkasi mpaka amehesabu kwenda na kurudi mara 20 mbele ya wanafunzi na kutaja alichopata yeye, si alichonong'onezewa na afisa. Pili, Ijumaa moja kila muhula, askari wa usalama barabarani aje shuleni na tochi yake. Watoto wapange mawe mawili meupe kando ya barabara, mita 50 kati yake, wasimame ng'ambo ya mtaro na saa za simu. Chombo kikipita kati ya mawe hayo chini ya sekunde 3.6, kimezidi kilomita 50 kwa saa. Hesabu ni ya darasani kwao. Kila kipimo kiandikwe sambamba na cha tochi. Tochi ikisema 58 na watoto wakisema 49, dereva asilipe ile faini kwanza. Askari na watoto wakae chini ya mti, kila upande ueleze kwa maandishi kosa limetoka wapi, na pasiwe na ubao karibu.

Mwalimu mstaafu wa Fizikia,
Manyoni, Singida