Barua kwa Ami juu ya jahazi la mfalme

Portsmouth, Uingereza

Kwa Ami yangu mpenzi,

Assalaam alaykum. Ama baad, sisi huku hatujambo. Kazi ipo na baridi ipo. Fedha za bati nimezituma kwa mkono wa Bi Zuhura, kamili kama mlivyotaka. Lakini kilichonikalisha kuandika si bati, ni Seif, ambaye nasikia angali akiwahadithia watu barazani kwamba mfalme wa Uingereza alimwonea huruma Sayyid Said, Sultani wetu wa Oman na Unguja wa zamani, akampa jahazi lake mwenyewe.

Ami, jahazi hilo liliundwa hapa hapa ninapokaa, katika gudi la manowari ambalo mimi hupita kando ya ukuta wake kila alfajiri nikienda kazini. Liliteremshwa majini Juni 1820, likaitwa Prince Regent, yaani mwanamfalme anayetawala kwa niaba ya mfalme, ingawa aliyekuwa na cheo hicho alikwisha kuwa Mfalme George wa Nne tangu Januari. Lilikuwa chombo cha matanga cha kutembelea wafalme, wala halikufika tani 300.

Aliyetangulia kutoa ni Sayyid Said. Mwaka 1836 alimtunukia Mfalme William wa Nne manowari yake Liverpool, yenye mizinga 74, iliyoundwa Bombay mwaka 1826 kwa mbao za msaji. Waingereza wakaipokea, wakaiita Imaum, yaani Imamu, kwa heshima yake, na mwisho wakaipeleka Jamaica ikawa bweni la mabaharia. Yeye naye, kwa zawadi hiyo, akarudishiwa Prince Regent. Sasa huruma iko wapi hapo? Said alijua anachokinunua, kwa kuwa aliutaka urafiki wa Waingereza na Mombasa ilikuwa bado haijamwingia mkononi, lakini ukipima chombo kwa chombo, alitoa manowari akapewa sebule yenye matanga. Nimewaeleza hayo Waingereza ninaofanya nao kazi mpaka wakanyamaza, na gudi ni lao!

Siku za mapumziko mimi huenda pwani kutazama matanga yao meupe, na roho huniruka nikaikumbuka Malindi, majahazi yakishusha mizigo na wachukuzi wakigombana. Huku bandari ni safi mno, haina hata harufu ya papa mkavu.

Nakuomba, Ami, umsomee Seif barua hii palepale barazani, mbele ya wale wale aliowahadithia. Akibisha, na aniandikie mwenyewe, asipitie kwa Mama.

Wako mtiifu,
Nassor