Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nashukuru tumekutana tena hapa Minnesota, ingawa akidi imetimia baada ya katibu kuwapigia watu simu mmoja mmoja tangu asubuhi.

Shughuli za kawaida mnazijua: usafi wa ufukwe mara mbili, darasa la watoto, na safari ya Januari ya mji wa Wabasha kuwatazama tai wenye vichwa vyeupe pale mto Mississippi usipoganda. Walijiandikisha 31, wakapanda basi 12. Basi lililipiwa lote.

Sasa nyama choma ya Mei, maana najua ndiyo iliyowaleta wengi leo. Ni kweli niliihamishia mahali pengine siku 4 kabla, bila kuitisha kamati, na arubuni ya dola 180 ikapotea. Lakini nilipokwenda kukagua eneo (peke yangu, kama kawaida) nilikuta kiota cha tai hao juu ya msonobari, makinda mawili yanachungulia, hatua kama 60 kutoka tulipopanga kuweka jiko na spika. Mwongozo wa serikali kuu unataka watu wakae angalau futi 330 kutoka kwenye kiota msimu wa kuzaa. Sheria ya mwaka 1940 inakataza kumbughudhi tai, na faini yake ni maelfu ya dola. Mfuko wetu mnaujua.

Kuna aliyeandika kwenye WhatsApp kwamba mwenyekiti anajali ndege kuliko watu. Nimjibu hapa. Mwaka 1963 katika majimbo 48 ya Marekani (bila Alaska na Hawaii) zilibaki jozi 417 tu za tai hawa, hasa kwa sababu ya DDT, dawa ya kuua wadudu: maganda ya mayai yalikuwa membamba, mama akiyalalia yanapasuka. Dawa hiyo ilipigwa marufuku 1972, tai wakatolewa kwenye orodha ya walio hatarini 2007, na hesabu iliyotangazwa 2021 ikafikia jozi 71,400. Sisi tuliokua tukimsikia furukombe, tai wa kwetu, akilia Naivasha na Ziwa Victoria, kweli tushindwe kuhamisha jiko? Julai nilirudi pale kwa mafuta yangu, wala sikudai chama. Makinda yote mawili yalikuwa yamesharuka.

Ada: kati ya wanachama 46 wamelipa 19. Sitasoma majina. Ila baadhi ya waliopiga kelele kuhusu zile dola 180 wamo kwenye orodha ya mweka hazina.

Mwakani, Mungu akipenda na fedha zikipatikana, tungependa kuwabadilishia wavuvi wetu chubwi za risasi (vile vizito vya mshipi), kwani madini hayo yanawaua tai kwa sumu. Wabasha tutakwenda tena Januari. Safari hii basi halikodiwi kabla ya kila mtu kulipa nauli yake.

Mwenyekiti