Barua kwa Mwanangu Kabla ya Basi la Alfajiri

Guadalajara, Ijumaa usiku

Mwanangu,

Juzi jioni nilifika kukuchukua mazoezini mapema kuliko kawaida, nikasimama kando ya geti, na wewe hukuniona. Uliteremka ngazi za ukumbi ukiwa umeegemea ukuta, mguu wa kushoto ukiutanguliza kwenye kila kidato na wa kulia ukiufuatisha, vilevile anavyoteremka bibi yako. Ulipofika chini ukajinyoosha, ukarekebisha mkoba begani, ukaniona, ukatabasamu na kuniambia kwamba mazoezi yalikwenda vizuri. Nami sikusema neno. Nimekaa na jambo hilo siku mbili, na kesho saa kumi na moja alfajiri unapanda basi kwenda mji mkuu kufanya mazoezi na kikundi cha taifa cha jimnastiki ya mdundo, huo mchezo wenu wa mipira, virungu na tepe. Ninakuuliza kwa maandishi kwa kuwa nikikuuliza kwa mdomo utanijibu "si kitu, baba" na mimi, kama kawaida yangu, nitaridhika. Je, umemwambia mtu yeyote kuhusu kiuno chako?

Sitakusimulia ulivyoanza wala tulivyohangaika, kwa sababu ulikuwepo. Lakini kuna siku moja ambayo mimi na wewe tuliitazama pamoja na kila mmoja akaondoka na lake. Ni ile tarehe 9 Agosti 2024, kikundi cha Meksiko kilipopanda zulia la Olimpiki kwa mara ya kwanza kule Paris, nyumba nzima ikapiga kelele hadi majirani wakaja kuuliza kuna nini. Siku hiyohiyo, katika ukumbi uleule, msichana mmoja wa Brazili aliumia mguu akipasha mwili joto dakika chache kabla ya zoezi lao la pili. Kikundi cha Olimpiki ni watu watano, hapana wa sita wa kushika nafasi, basi akaingia hivyohivyo na maumivu yake, akatoka akilia, na Brazili ikamaliza ya tisa wakati wanaoingia fainali ni wanane. Wewe uliniambia kwamba yule ni shujaa, na kwamba ungefanya kama yeye. Nilinyamaza usiku ule. Sasa ninasema kwamba simlaumu hata kidogo, kwa maana alikuwa na dakika tu za kuamua na wenzake wanne wakimtazama. Wewe una majuma. Hicho kiuno hakikuanza juzi; nilikuona mwezi uliopita ukikaa mezani na mto nyuma ya mgongo, na mama yako akadhani ni kiti.

Mimi ninauza dawa, si daktari, lakini miaka ishirini ya kusikiliza watu wakieleza maumivu yao kaunta imenifundisha kidogo. Katika mchezo wenu mgongo unakunjwa kwenda nyuma mara mia na zaidi kwa siku, karibu kila mara mahali palepale, chini kabisa kiunoni, na mifupa ya mtu wa miaka 17 bado haijakomaa. Pingili ikichoka hupata ufa mdogo usioonekana kwa macho. Ukigunduliwa mapema, aghalabu hupona kwa kupumzika miezi michache. Usipogunduliwa, mtu huendelea kurusha mpira na kujikunja chini yake, na ufa nao huendelea. Sisemi kwamba unao. Ninasema kwamba hujui, na mimi sijui, na asiyejulishwa kabisa ni mwalimu atakayekupokea kesho na kukupangia saa za mazoezi akiamini kwamba amepokea msichana mzima.

Ile pakiti ya vidonge iliyokuwa kwenye kisanduku cha gari nimeitoa, usiitafute. Nimetoa pia ile iliyokuwa kwenye mfuko wa pembeni wa mkoba wako, ambayo sikuiweka mimi, na ambayo imeniumiza zaidi kuliko ya kwanza, kwa kuwa ninajua ulijifunza wapi. Ulikuwa na miaka 14 asubuhi ile ya Monterrey. Uliniambia panauma, nikakupa viwili na maji, nikakuambia usimsumbue mwalimu kwa jambo dogo, kwa sababu hoteli ilikuwa imeshalipwa na nauli ilikuwa ya mkopo. Ulirudi na medali ya fedha katika virungu, nami nikaitundika dukani mahali ambapo kila mteja angeiona. Mama yako hajui habari ya vile vidonge. Ukitaka kumwambia, mwambie. Sitakukataza, na sitasema kwamba umekosea kumbukumbu.

Kwa hiyo ninaporudia swali langu usidhani kwamba ninalirudia kwa kuwa nimesimama mahali pa juu. Je, umemwambia mtu?

Najua unachohofia. Unahofia kwamba ukitaja kiuno siku ya kwanza watakurudisha nyumbani kwa basi linalofuata, na nafasi yako itakwenda kwa yule wa Nuevo León ambaye naye ameisubiri. Inawezekana. Sitakudanganya kwamba haiwezekani. Lakini hebu mfikirie Rut Castillo, mtoto wa mji huuhuu wetu, ambaye picha yake umeibandika kabatini tangu hujavunja meno ya utoto. Alipata tiketi yake ya Olimpiki mwezi Juni 2021 kule Rio de Janeiro, na mwezi Agosti akapanda zulia la Tokyo, katika ukumbi usio na watazamaji kwa sababu ya korona, akiwa na umri wa miaka 29. Ishirini na tisa, mwanangu, katika mchezo ambao wengi wa rika lake walikuwa wameshaacha na kuwa walimu, waamuzi au mama wa watoto. Hakuwa miongoni mwa kumi walioingia fainali, na wewe mwenyewe uliniambia kwamba hilo halipunguzi heshima yako kwake. Kama yeye alifika huko akikaribia thelathini, basi miezi mitatu ya kupumzika katika mwaka wako wa kumi na saba haiwezi kuwa mwisho wa kitu. Los Angeles ni mwaka 2028. Utakuwa na miaka 20. Hata ukikosa hiyo, bado utakuwa mdogo kuliko Rut kwa miaka tisa.

Najua pia kwamba kwenye kikundi mambo ni mengine. Ulipokuwa ukishindana peke yako, maumivu yalikuwa yako na alama zilikuwa zako. Sasa mtakuwa watano na tepe tano, kila utepe wa mita 6, kwenye zulia la mita 13 kwa 13, na mmoja akichelewa kwa nusu ya pumzi tepe mbili zinapigana fundo hewani na wote watano wanaadhibiwa. Nimeona jinsi unavyoogopa kuwa wewe ndiye mwenye fundo. Ndiyo sababu ninaogopa kimya chako kwenye kikundi kuliko nilivyokiogopa zamani, maana sasa utakuwa na wanne wa kuwaonea aibu, na aibu ni dawa ya maumivu yenye nguvu kuliko yoyote niliyonayo dukani. Lakini fikiri upande wa pili: ni nani anayewaumiza wenzake, anayesema mwezi wa kwanza ili mwingine ajifunze nafasi yake, au anayesema dakika tatu kabla ya muziki kuanza?

Mwalimu wako wa hapa aliniambia, wewe ukiwa umekwenda kubadili nguo, kwamba katika wote aliowafundisha hajaona mikono inayousoma utepe kama yako. Sikukuambia kwa sababu juma lile hukuosha vyombo hata siku moja na ulimjibu bibi yako bila kuinua macho kutoka kwenye simu, nikaona kwamba sifa zingekuharibu. Huenda nilikosea. Ninakuambia leo, na vyombo pia ninavitaja leo: huko kwenye bweni hakuna mama wa kuvikuta asubuhi na kuviosha kimyakimya. Na bado unadaiwa mtihani mmoja wa hisabati. Vitabu nimeviweka chini ya nguo za mazoezi, usiviache kitandani kama ulivyoviacha mwezi wa tano.

Mji mkuu uko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari, zaidi ya mita 600 juu kuliko hapa kwetu. Siku za kwanza utahema mapema, na zoezi la kikundi ni refu kuliko ulilozoea, dakika mbili na nusu badala ya moja na nusu. Usishindane na wenyeji juma la kwanza. Mtu anayehema hovyo hukosa kukaza misuli ya tumbo, na tumbo likilegea mzigo wote hushukia kiuno. Unaona kwamba ninarudi palepale.

Jambo la nyama nilimweleza mama yako, naye amenuna, kwa hiyo wewe uelewe. Alikuwa amekupikia birria, ule mchuzi wa nyama, ya kubeba, nami nimeizuia. Hukuwa umefikisha miaka mitatu mwaka 2011 wachezaji watano wa timu yetu ya soka walipokutwa na klenbuteroli, dawa iliyokatazwa michezoni, katika mashindano ya Kombe la Dhahabu, na ikaelezwa kwamba ilitokana na nyama ya ng'ombe waliolishwa dawa hiyo ili wanenepe. Wale walisafishwa majina. Hata hivyo mwanamichezo ndiye anayejibu kwa kila kinachopatikana mwilini mwake, na sitaki uanze safari kwa kuhofia sufuria ya mama yako. Kula kinachopikwa kituoni. Usinunue nyama barabarani, hata inukie namna gani, na usimeze dawa yoyote, hata ya mafua, hata niliyokupa mimi, kabla daktari wa kituo hajaiona. Hasa niliyokupa mimi.

Tepe zako nne nimezipiga pasi ya vuguvugu na kuzizungusha kwenye ile karatasi ngumu, mkunjo haupo. Kijiti cha ule wa rangi ya chungwa kilikuwa kimelegea kwenye kiungo cha chuma, nimekibadilisha. Vazi jekundu mama yako amelishonea upya mawe ya begani, ameketi mpaka saa sita usiku na miwani ya bibi, na asubuhi atasema kwamba hakuchoka. Mshukuru mbele yake, si kwa ujumbe wa simu ukiwa ndani ya basi. Kaka yako anakitaka chumba chako. Nimemwambia akae sebuleni mpaka Desemba, kwa sababu sitaki urudi, kwa sababu yoyote ile, na ukute huna kitanda. Sababu yoyote ile, umenielewa. Ukirudi na picha ya mgongo mkononi, mlango ni uleule na kitanda ni kilekile, na medali ya dukani itabaki msumarini mwake.

Tangi la maji la juu ya paa linavuja tena, na fundi anataka pesa ambazo nilikuwa nimezitenga kwa ajili ya nauli ya mama yako kuja kukuona mwezi wa tisa. Nitapata njia. Bibi yako ameweka nadhiri ya kutembea tarehe 12 Oktoba kutoka kanisa kuu mpaka Zapopan kuisindikiza sanamu ya Bikira Maria kwa ajili yako, na magoti yake unayajua. Nimemsihi apande gari afike mapema aisubiri kule. Amekataa, amesema kwamba kama mjukuu wake anavumilia naye atavumilia. Sikujua la kumjibu, kwa sababu hajui anachokisifu. Mpigie simu mwambie apande gari. Wewe atakusikia.

Ninakuomba mambo mawili tu. Jumatatu, kabla hujavaa viatu vya mazoezi, mwambie mwalimu mpya maneno haya: "Kiuno kinaniuma upande wa kulia tangu mwezi wa sita, na huuma zaidi ninapojikunja nyuma." Usitabasamu unapoyasema, kwa sababu ukitabasamu hawatakuamini, hata mimi miaka yote hii tabasamu lako ndilo lililonifanya nilale. Kisha unipigie, hata kama nina wateja, na unieleze alichojibu neno kwa neno.

Tiketi yako ni ya siti namba 38, nyuma kabisa, juu ya magurudumu. Nitazungumza na dereva asubuhi akubadilishie ukae mbele, ambako basi halirushi sana. Njiani wakisimama, shuka utembee kidogo.

Baba yako